Kitabu cha Watoto Wasio na Mawe

Mkamwana wangu hupaka nywele mafuta ya nyonyo. Ati zinakua. Kila Jumamosi hukaa kibarazani kwangu hapa Tunduma, malori yakipita kuelekea mpakani, anajimiminia mafuta kichwani, na mimi nainuka naingia ndani. Ameshamlalamikia mwanangu kwamba mama mkwe ana kiburi, hataki hata kukaa naye. Jamani, si kiburi. Ile harufu ikinifika puani, na siku hiyo jiko la mkaa limetoa masizi, narudi kuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja. Masizi na mafuta ya nyonyo ndiyo yaliyokuwa wino wetu. Jambo hili nimekaa nalo miaka mingi mno. Leo nawaambia ninyi, kwa sababu hamnijui na hatutakutana msibani mkaanza kunitazama.

Baba yangu alikuwa Mnamwanga wa huku mpakani, wa ukoo wa Simbeye, aliyekwenda kuoa kwa Wanyiha kule Mbozi akabaki hukohuko. Ujanani alifanya kazi ya kuchapa vitabu vya nyimbo na sala kwenye misheni moja. Mashine kubwa zilipoletwa, ile ndogo ya mkono ikakosa kazi, akaambiwa aichukue. Kilikuwa chuma kizito chenye mpini wa kushindilia, pamoja na rola ya mpira iliyoliwa upande mmoja, na kasha la herufi za madini ya risasi zilizokaa kila moja kwenye kijumba chake. Wanaume sita walipokezana kuibeba kutoka barabarani mpaka kwetu mteremkoni. Wiki nzima watu walikuja kuitazama, na wengine walileta hata wageni wao.

Zile herufi zilitengenezwa kwa ajili ya Kizungu. Kiswahili, kama mjuavyo, kinakula a na wala hakishibi. Baba akipanga mistari sita, a zimekwisha. Inabidi achape nusu ukurasa, abomoe, azioshe herufi kwa mafuta ya taa, ndipo apange nusu ya pili. Alizitukana kwa Kinamwanga, tena kwa sauti ya chini, maana alikuwa mzee wa kanisa. Kwa taabu hiyohiyo alitengeneza vijitabu vya kupogoa kahawa, vya nyimbo za harusi, na vya watu wazima waliokuwa wanajifunza kusoma. Jalada lilikuwa mfuko wa saruji uliopigwa pasi, na Mama aliyashona makaratasi kwa uzi wa katani na sindano ya gunia.

Mimi nilikuwa mwosha herufi, na kwa kuosha nikajifunza kusoma kinyume. Herufi ya kuchapa hukaa imegeuka ili ikitua kwenye karatasi isomeke sawa. Baba alinipa kibao chenye mistari iliyopangwa, akaniambia nisome, nikasoma bila kukwama. Akaita watu waje wasikie. Nilivimba kichwa, wacha niseme ukweli. Baadaye akanipa na kazi ya picha. Alilainisha vibao vya mti kwa randa, akanitengenezea visu viwili kwa vyuma vya mwavuli mbovu alivyovinoa juu ya jiwe, nami nikachonga tawi la kahawa, jembe, na kuku wa jalada. Kuku akitazama kulia au kushoto ni kuku yuleyule, kwa hiyo hakuna aliyewahi kunisahihisha. Kumbukeni hapo, maana ndipo balaa lilipokuwa limelala.

Mwaka ule wa kuhamia vijijini tuliitwa mkutanoni kwenye uwanja wa shule. Tukaambiwa kwamba baada ya mavuno ya mahindi mteremko wetu wote utahamia kijiji kipya kando ya barabara kuu, si mbali na Nanyala, ambako kutakuwa na zahanati, shule ya karibu, na maji ya bomba. Sisi watoto tulishangilia maji ya bomba mpaka tukakaripiwa. Bibi yangu, mama yake Mama, hakwenda mkutanoni kabisa. Alipohadithiwa alisema neno moja tu kwa Kinyiha, kwamba haendi.

Tulidhani ni maneno ya uzee. Lakini mteremko wa pili ulianza kuhamishwa kabla yetu, na huko babu mmoja aliyekuwa amekataa alibebwa mikono na miguu, akatupwa juu ya magunia kwenye lori, na nyumba yake ikawashwa moto akiwa anaitazama. Hakumaliza mwezi. Habari hiyo ilipofika kwetu, Mama alikwenda kupiga magoti mbele ya kibanda cha Bibi, tumbo lake kubwa, maana alikuwa na mimba ya mdogo wangu.

"Mama, watakuua," alisema.

"Waje," Bibi akajibu. "Nipo."

Sasa nieleze jambo ambalo vijana wa leo hawalijui. Kwetu mtoto mdogo hakuzikwa na wanaume. Wanawake wazee wawili au watatu walimchukua asubuhi, wakamlaza karibu na nyumba, wakasawazisha udongo, basi. Hakuwekewa jiwe wala msalaba. Na mama mzazi hakuonyeshwa mahali, asije akakaa pale akilia hadi tumbo likakataa kushika tena. Kwenye mteremko wetu Bibi ndiye aliyeitwa kwa kazi hiyo karibu umri wake wote, na wenzake wote wa kazi hiyo walikuwa wameshakufa. Watoto wale wote walikuwa kichwani mwake peke yake. Watoto wake mwenyewe walikuwa watatu, waliokwenda na surua msimu mmoja. Hao walizikwa na mama mkwe wake kule juu, kwenye makazi ya zamani waliyoyahama Mama akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Yule mama mkwe alimwonyesha Bibi mahali pale siku alipokuwa mwenyewe karibu kufa.

Baba alisikia habari ya babu wa mteremko wa pili akaja kwenye kibanda. Hakuingia. Mkwe na mama mkwe hawakutazamana usoni. Baba akipita, Bibi alijifunika kanga na kugeukia ukuta. Isitoshe, Kinyiha cha Baba kilikuwa cha kubabaisha, na Kiswahili cha Bibi kilikuwa cha sokoni. Kwa hiyo nilikaa mlangoni kati yao, Baba nje, Bibi ndani, wanasikiana vizuri kabisa, na kila neno lazima lipite kinywani mwangu.

"Mwulize Bibi anataka nini ili apande lori," alisema Baba.

Bibi hakuniita Lidia, jina langu la ubatizo. Aliniita Nambeye, kama wanawake wa ukoo wa Baba wanavyoitwa, kila alipotaka kumchokoza mkwewe bila kumtaja. Siku hiyo hakuwa anachokoza mtu.

"Nambeye, mwulize baba yako. Hao waliolala bila jiwe, lori litawachukua na wao?"

Nikapeleka swali.

"Mwambie Bibi nitawaandika. Wote. Kila mama atapanda lori akiwa na karatasi inayomwonyesha mtoto wake alipo."

"Karatasi inaoza," Bibi akasema.

"Mwambie nitachapa nyingi."

Bibi akacheka kidogo, cheko la puani. Kisha akasema kwamba Baba akimaliza, atapanda. Mama alipoambiwa alilia kwa furaha. Zilikuwa zimebaki wiki tatu malori yaje.

Baba alikwenda Tunduma akarudi na karatasi nyepesi, zile za kufungia vitambaa vya dukani, alizopewa na mfanyabiashara mmoja. Zilikuwa nyembamba, wino ukipenya kidogo, kwa hiyo tungechapa upande mmoja tu. Herufi za a zisingetosha majina ya watoto wote na muda haukuwepo. Baba akapanga kwa herufi za risasi ukurasa wa kwanza pekee: "Hawa ni watoto wa mteremko huu. Wamelala hapa." Ramani na majina akaniachia mimi nichonge kwenye vibao. Kurasa nane: nyumba saba za mteremkoni, na yale makazi ya zamani ya Bibi.

Kila nikitoka shule nilikaa na Bibi kibandani. Alitandaza majivu kwenye ungo, akachora kwa kidole. Ramani zenyewe zilikuwa na vitu vichache. Njia inakuja inaishia mlangoni, nyumba ipo, halafu vialama vya watoto, huyu kulia kwa njia, yule kushoto, na hatua zake. Aliniambia hatua ngapi za mwanamke, akanitajia jina, au akaniambia huyu hakuwahi kupewa jina. Alisema nani alikuwa na nywele nyingi na nani alizaliwa akiwa ameshafumba macho. Watoto ishirini na watatu. Siku ya watoto wake mwenyewe aliufuta ungo mara mbili, akaanza upya kila mara. Anyesi, Yakobo, na mdogo asiye na jina, kushoto kwa njia, hatua tisa. Mimi nilinakili kila alichochora kwenye kibao, vilevile, bila kukosea hata alama moja. Kisha nikachonga majina na namba kinyume, kama nilivyofundishwa, kwa ufundi ambao mpaka leo nikiufikiria nauonea huruma.

Mmeshaliona kosa? Mimi sikuliona. Majina niliyageuza, ramani sikuigeuza. Kibao kilipotua kwenye karatasi, kila jina lilisomeka sawasawa, na kila mtoto aliyekuwa kushoto alihamia kulia.

Baba alichapa nakala ya kwanza, akaisogeza mlangoni penye mwanga, akapitisha kidole chini ya kila jina. Alikuta jina moja limepungukiwa herufi akanirudishia kibao nikirekebishe. Jicho lake lilikuwa jicho la mpanga herufi. Ni nani angemwambia watoto wapo upande gani, yeye mkwe, mwanaume, mgeni? "Safi," aliniambia, akanishika kichwa kwa mkono wenye wino. Nilikaa na alama za vidole vyake kwenye paji la uso siku nzima, nikikataa kuoga.

Tulitoa nakala kumi na mbili. Mama alishona, nami nikazigawa nyumba hadi nyumba zikiwa zimebaki siku mbili malori yaje. Wanawake wengi hawakujua kusoma. Waliniomba nitaje jina, nikalitaja, wakaushika ukurasa kwa viganja viwili. Mama Enea, jirani yetu, alinitajisha jina la binti yake mara nne, akakiingiza kitabu ndani ya nguo kifuani, akaenda kufunga kuku wake. Hakuna aliyeuliza kulia wala kushoto. Hawakuwahi kuonyeshwa, wangejuaje?

Kesho yake alikuja katibu mmoja na mgambo wawili. Mtu alikuwa amemwonyesha kile kitabu kwa kujivuna tu, masikini. Walimkuta Baba anaosha rola.

"Ramani za nini hizi? Tena zenye hatua!" katibu aliuliza. "Mmepanga kurudi?"

"Ni makaburi ya watoto, ndugu."

"Makaburi yana mawe. Nionyeshe jiwe moja."

Baba alitazama huku na huku. Mteremko mzima haukuwa na jiwe moja la kuonyesha. Walibeba mashine, rola, kasha la herufi, vibao vyangu vyote vinane na vile visu vya mwavuli, na Baba akatembea mbele yao. Mama alibaki ameshika nguzo ya jiko. Bibi, ambaye hakuwahi kumtazama mkwewe, alitoka kibandani, akaishusha kanga usoni, akamwangalia akienda mpaka alipopotea kwenye kahawa.

Siku ya malori ilifika, jua kali. Mgambo walipanda juu ya nyumba wakawa wanaezua, nyasi zinadondoka, vumbi la moshi wa miaka yote linatuingia machoni. Magodoro, vinu, mbuzi, vyote vilirundikwa pamoja. Bibi alikaa juu ya kinu chake mbele ya kibanda, hajafunga kitu. Mgambo mmoja alikuwa ameshamwambia mara mbili apande. Mara ya tatu alikuja na mwenzake, wakasimama huku na huku.

"Nambeye," Bibi akaita. "Lete kitabu chetu."

Alikuwa hajakifungua tangu nimpe. Alikifungua pale, akafika ukurasa wa mwisho, wa kwake. Hakujua kusoma hata herufi moja. Aliweka kidole kwenye mlango wa nyumba, akakitembeza taratibu kwenye njia, akafika kwenye vile vialama vitatu. Kidole kikasimama. Akaufunua ukurasa, akaugeuza upande wa nyuma umwelekee yeye, akauinua kuelekea jua.

"Bibi wee, kitabu hakisomwi kwa nyuma!" mgambo akasema, na watu juu ya lori wakaangua kicheko. Hata mimi nilicheka. Nilicheka kwa woga na kwa aibu ya kuwa na bibi asiyejua kushika kitabu. Kisha nikasogea nyuma yake ili nimgeuzie, na nikauona ule ukurasa kama alivyouona yeye, jua likipenya. Majina yamegeuka, hayasomeki. Lakini ile picha ilikuwa ndiyo ya kwenye majivu. Watoto watatu, kushoto kwa njia.

Nilijua papo hapo. Nilijua kurasa zote nane, nyumba zote, vitabu vyote kumi na viwili vilivyokwisha kufichwa kwenye nguo na masanduku juu ya malori yale. Vibao havipo. Mashine haipo. Baba hayupo, yuko ndani kwa ajili ya kitabu hiki. Nilitaka ardhi inimeze. Bibi alikigeuza kichwa akanitazama, na akaona kwamba najua.

Ilikuwa apande au abebwe. Alikuwa ameahidi kupanda kwa sharti moja, na sharti lenyewe lilikuwa mikononi mwake, limeharibika. Nilimwona anamtazama Mama na lile tumbo, anawatazama wale mgambo, ananitazama mimi. Akakifunga kitabu, akakichomeka kiunoni.

"Nimewaona," alisema kwa sauti, kila mtu asikie. "Twendeni."

Akapanda kwa miguu yake, mgambo wakimpa mkono.

Kijiji kipya kilikuwa mistari ya vigingi kwenye nyasi. Bomba lilikuwa halijafika, wala halikufika mwaka ule wala uliofuata. Mama alijifungua chini ya turubai na mtoto akapona, tukashukuru. Baba alirudi baada ya wiki saba, amekonda, ndevu zimeota ovyo. Vifaa vyake hakurudishiwa, na tangu hapo hakuchapa tena hata karatasi ya harusi, alishika jembe. Siku aliyorudi aliniita pembeni.

"Bibi alipanda mwenyewe?"

"Ndiyo, Baba."

"Kwa sababu ya kitabu?"

"Ndiyo, Baba. Alisema amewaona."

Baba alikaa chini kwenye nyasi akalia, na alikuwa anacheka hukohuko kwenye kulia. Niambieni, mtoto wa miaka kumi na mmoja angesema nini tena? Nilifunga mdomo. Nilikuwa nawaza kwamba wanawake wote wale wameshika karatasi ya uongo na aliyewapa ni mimi. Nilikosa hamu ya kula. Kisu cha mwavuli kilinijia kwenye ndoto hadi nikawa naogopa kulala.

Halafu Bibi akaanza tabia mpya. Kila asubuhi alichukua fimbo akaenda nyumba hizi na hizi za watu wa mteremko wetu, akakaa na wanawake, akawauliza jambo lilelile. Ukiwa unakuja kwa njia ya kwako ya zamani, mtoto yupo mkono gani? Wakitoa kitabu aliwaambia wakiweke, waseme kwa mdomo. Aliwaambia yeye mkono wenyewe na hatua, wakarudia. Kesho yake tena, na wiki ijayo tena. Watu walisema uzee umemchanganya. Watoto walimwigiza kwa fimbo za mabua, na nilimpiga mmoja wao nikachapwa shuleni.

Mimi hakuniuliza kamwe. Nilikaa karibu naye makusudi, nikimsugua miguu, nikimpepetea mchele, nikingoja aniulize mkono gani ili nipasuke niseme yote, nilie, anipige, yaishe. Aliniambia Nambeye lete maji, Nambeye funga mlango. Nilijua basi kwamba amenitupa. Ameshawasamehe mpaka mgambo, akiwasalimia njiani, ila mimi hapana. Alikufa kabla sijamaliza darasa la saba, akazikwa kijijini pale, na kile kitabu Mama alikiweka kwenye sanduku lake.

Miaka ikapita, ukali wa mambo ukapungua, watu wakaanza kurudi taratibu kupalilia kahawa zao za zamani. Mimi nilikuwa nimeolewa huku Tunduma na nina mtoto mgongoni. Siku moja nilikutana na Mama Enea sokoni Mlowo. Akanishika mikono yote miwili, akaniambia amemwona binti yake, ameweka jiwe, amepanda na ua.

"Mama, uliweka upande gani? Ule wa kwenye kitabu?"

"Kitabu? Hata sikukifungua, mwanangu. Bibi yako alinikaririsha mpaka nikamchukia. Angekuja hata nikiwa na mgeni! Nilikwenda moja kwa moja, nimefumba macho."

Nilimwacha pale na vitunguu vyake, nikaenda kukaa nyuma ya ghala la mahindi nikalia kwa sauti. Ndipo nilipoelewa alichokuwa anakifanya yule mzee kwa fimbo yake miaka ile yote. Alikuwa anakisahihisha kitabu changu, nyumba kwa nyumba, bila kumwambia mtu kwamba kimekosewa. Na mimi hakuniuliza kwa sababu kuniuliza kungekuwa kunishitaki. Tena kulikuwa na jambo la pili, lililonifikia polepole. Hakuwa na haja ya kunikaririsha. Watoto wake watatu alikuwa ameniachia mimi, kwa kuwa aliniona siku ile ya malori nikiwaona.

Mwaka huohuo Baba alinitumia ujumbe nije. Alikuwa amezeeka, kifua kinambana. Alikuwa amechonga jiwe kwa mkono wake, miezi mingi, kwa patasi ya kuazima: Anyesi, Yakobo, na Mdogo wao. Herufi nzuri, zimekaa kwenye mstari kama zile za risasi. Alisema hakuwahi kusema na mama mkwe wake hata neno moja la ana kwa ana, na hili ndilo neno lake. Tukapanda mteremko, yeye, Mama, mimi, na vijana wawili wa kubeba. Makazi yale ya zamani yalibaki mawe ya jiko na njia iliyoonekana kwa shida. Baba akatoa kitabu, kimeliwa pembe na mende, akakifungua ukurasa wa mwisho. Akasimama kwenye njia, akageukia kulia, akahesabu hatua tisa kwa sauti.

"Hapa," alisema. Mama akapiga magoti akaanza kuwaita ndugu zake ambao hakuwahi kuwaona.

Nilikuwa na neno mdomoni. Nilikuwa mtu mzima, siogopi kuchapwa. Baba aliniangalia, uso wake umejaa furaha, akasema, "Unaona, Lidia? Wiki saba zile hazikwenda bure." Nikatazama ng'ambo ya njia, kwenye mahindi machanga ya mtu nisiyemjua. Kisha nikainama nikashika jiwe upande wangu, tukaliweka.

Baba ameshafariki. Mama yupo bado, haoni vizuri, na kila mwaka hutaka apelekwe akafagie pale, nami nampeleka. Akishamaliza kuomba humwacha amekaa, navuka njia peke yangu. Jiwe lipo kulia. Watoto wapo kushoto, hatua tisa za mwanamke kutoka njiani.